Utiifu kwa Kazi na Ukimya juu ya Maradhi: Kuamsha Uelewa wa Magonjwa ya Kazini Kigoma, Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

1. Utangulizi



Ajali ya kazini tunaijua sote. Kijana akikatwa vidole na mashine ya kukamua mawese, au akidondokewa na shehena bandarini, habari inafika mitaa ya Mwanga na Gungu kabla ya adhuhuri, na hakuna anayebisha kwamba kazi ndiyo iliyomuumiza. Ugonjwa wa kazini una tabia nyingine. Unaingia kwa pumzi ya kila siku, unakaa mwilini miaka 10, 20, hata 40, na unajitokeza wakati mtu ameshastaafu na kurudi kwao Kasulu au Buhigwe. Hapo anaambiwa ana pumu, au kifua kikuu, au ni utu uzima tu. Wengine wanaambiwa wamerogwa, na ndugu wanaanza kununiana.

Hoja ya mada hii ni moja. Magonjwa ya kazini hayaonekani Kigoma kwa sababu mbili zinazobebana. Ya kwanza, mgonjwa akifika kituo cha afya ni nadra kuulizwa amefanya kazi gani tangu ujana wake. Ya pili, mgonjwa mwenyewe hapendi kusema neno litakaloonekana kama kuishitaki kazi iliyomjengea nyumba na kumsomeshea watoto. Sababu ya kwanza inaondolewa kwa kalamu na daftari. Ya pili inataka hekima, kwa kuwa utiifu huo ni heshima ya mtu, na anayeukanyaga hasikilizwi na yeyote.

2. Kigoma kama mkoa wa kazi

Watu wa nje wanapoitaja Kigoma huanza na mwembe wa Ujiji, Stanley na Livingstone, mwaka 1871. Sisi tuna historia nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni historia ya kazi.

Pale Uvinza, mito Ruchugi na Malagarasi inapokutana, chemchemi za maji ya chumvi zimechemshwa na binadamu tangu karne ya tano au ya sita. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba na kuona vigae na majivu ya wapika chumvi wa zama hizo. Katika karne ya 19 chumvi hiyo ilisambaa mbali, na watemi wa Uvinza walitoza kodi kwa kila aliyekuja kuipika. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga kiwanda mahali hapo, wakapaita Gottorp. Baadaye ikaja kampuni ya wakati wa Mwingereza, kisha kiwanda kikawa mali ya umma, kisha kikarudi kwa watu binafsi. Wenye mali wamebadilika mara nyingi, lakini familia za wafanyakazi zimeendelea kuwa zilezile, baba akimwachia mwana nafasi.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa na kuunganishwa tena hapa kwetu, ikashushwa majini mwaka 1915. Ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, ikaanza kubeba abiria mwaka 1927. Kwa karne nzima mafundi wa Kigoma wameipiga nyundo, kuichomelea na kuipaka rangi. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba za reli alijua mlio wa filimbi kabla hajajua kusoma saa. Mji ulikuwa wa reli na bandari, na reli na bandari zilikuwa za mji.

Kuna pia kazi za mbali. Tangu wakati wa Mwingereza, Waha wa mkoa huu walichukuliwa kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakiitwa manamba. Wengine walivuka ziwa kutafuta riziki Kongo. Siku hizi vijana wetu wanakwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na Chunya. Kwa hiyo Kigoma ina mzigo wa pekee. Kazi inafanyika kwingine na kumbukumbu za kazi zinabaki huko, lakini kifua kinachokohoa kinarudi kufia nyumbani. Daktari wa zahanati ya kijiji huku Heru Juu hana namna ya kukisia kwamba mzee aliyekaa mbele yake alipiga brashi nyuzi za mkonge miaka 15, kama hakumuuliza.

3. Vitu vinavyoumiza

Naomba nivitaje kwa majina, maana tusipovitaja tutabaki na maneno ya jumla.

*Vumbi.* Saruji ni miongoni mwa shehena zinazopita hapa kwenda Burundi na Kongo. Mtazameni kuli anayeipakia. Mfuko ni wa kilo 50. Amekunja gunia tupu na kulivaa kichwani kama kofia ya mvua, mkia wake umefunika shingo na mabega. Mfuko ukipasuka kidogo, unga unamwagika shingoni, unakutana na jasho, unakuwa tope. Saruji iliyolowa inaunguza ngozi, na madini ya kromiamu yaliyomo yanawaletea baadhi ya watu ukurutu usiokwisha. Unga mwingine unavutwa puani. Hapa nchini jambo hili limepimwa. Dakta Julius Mwaiselage na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa kiwanda cha saruji mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa waliukuta kwa takriban asilimia 19 ya waliofanya kazi kwenye vumbi, wakati miongoni mwa wasiokumbana nalo ulikuwa chini ya asilimia 5. Watafiti wengine Watanzania, akiwemo Dakta Akwilina Kayumba, waliingia katika viwanda vya mkonge wakakuta kikohozi na kubanwa kifua vikiwasumbua hasa wanaopiga brashi. Kwa mchimbaji wa dhahabu hatari ni kubwa zaidi. Vumbi la mwamba wenye silika linaacha makovu yasiyofutika kwenye mapafu, na mapafu hayo yanapata kifua kikuu kwa urahisi. Mtu anatibiwa kifua kikuu, anapona, kinarudi, anatibiwa tena, na makovu yaliyo chini yake hayatajwi kwenye cheti hata siku moja.

*Moshi.* Twende mwaloni Kibirizi au Katonga asubuhi, mitumbwi ikishaingia. Dagaa wanaanikwa juani, lakini migebuka mingi inakwenda kwenye chanja. Mama anainama juu ya moto wa kuni, anageuza samaki mmoja mmoja kwa vidole, macho ameyafinya, mara nyingi ana mtoto mgongoni. Akimaliza anajifuta machozi kwa ncha ya khanga, anapanga awamu ya pili. Wanaochemsha ngazi, yaani matunda ya mchikichi, ili kukamua mawese nao wanakaa na mapipa ya moto kwa saa nyingi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba moshi wa kuni unaovutwa miaka mingi unasababisha ugonjwa sugu wa mapafu na magonjwa ya moyo, unachangia mtoto wa jicho, na unamwongezea mtoto mdogo hatari ya nimonia. Mama huyu hana mwajiri, hana kadi ya chama, hahesabiwi kuwa ni mfanyakazi wa kiwanda chochote. Lakini samaki anayemkausha analiwa mpaka Dar es Salaam, na chanja lake ni kiwanda.

*Kelele.* Nyundo juu ya bati la meli, injini ya dizeli ndani ya chumba kilichofungwa, mashine ya kusaga na kukamua. Sauti ikizidi kiwango kwa saa 8 kila siku, chembe za kusikia ndani ya sikio zinakufa na hazioti tena. Mzee anaanza kupaza sauti akizungumza, anakaa kando kwenye harusi, wajukuu wanacheka. Tunasema amezeeka. Ukweli ni kwamba karakana imemchukulia masikio.

*Asbestosi.* Meli na injini za mvuke za zama za Liemba zilifungwa kwa asbestosi kwenye boila na mabomba, kwa sababu inahimili moto. Majengo mengi ya taasisi ya miaka ya zamani yaliezekwa kwa mabati yake. Ikikaa bila kuguswa hatari yake ni ndogo, lakini ikikatwa, ikipasuliwa au ikisuguliwa inatoa nyuzi ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na saratani inayotokana na nyuzi hizo inaweza kuchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Mji wenye karakana kongwe na majengo makongwe hauna budi kuuliza swali hilo kabla fundi hajashika msumeno.

*Chumvi na jua.* Mvuna chumvi anasimama kwenye maji makali, chini ya jua linalopiga juu na kurudi kutoka kwenye weupe wa chumvi. Michubuko ya miguu haifungi, ngozi inapasuka, macho yanaungua. Viatu vya mpira na miwani ya kivuli ni vitu vya bei ndogo kuliko siku moja ya kulala hospitali.

4. Kwa nini tunanyamaza

Ndugu washiriki, ukimya huu hautokani na ujinga. Wafanyakazi wanajua. Muulizeni mpakiaji wa saruji yeyote, atawaambia usiku analala kifua kimebana. Ananyamaza kwa sababu zenye akili ndani yake.

Kwanza kuna shukrani. Katika mji ambao ajira ya uhakika ni chache, aliyekupa mshahara, nyumba na matibabu amekutendea jambo kubwa. Mzee wa reli anaweka kofia yake ya kazi ukutani pamoja na picha ya harusi. Ukimwambia reli ilimuua taratibu, umemtukana yeye na maisha yake yote.

Pili kuna hofu ya kibarua. Kuli wa kutwa halindwi na mkataba. Akilalamika leo, kesho jina lake halitasomwa.

Tatu kuna uanaume. Kuvaa barakoa kunaonekana ni woga, na kijana mgeni anajifunza siku ya kwanza kwamba wakongwe hawavai.

Nne kuna hofu ya mji wenyewe. Tunasubiri reli ya kisasa, tunasubiri viwanda vya michikichi kufuatia miche bora inayozalishwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga, na tunaogopa kwamba tukisema sana juu ya maradhi, mwekezaji atageuzia gari Tabora. Hofu hii naiheshimu, lakini naikataa. Mwekezaji anayekimbia kwa sababu ya barakoa na kipimo cha mapafu angetuachia wagonjwa wa kuwahudumia wenyewe, na gharama hiyo isingeandikwa kwenye mahesabu yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Kwetu kinaumbua mmoja mmoja, kimyakimya, kila familia ikidhani ni mkosi wake peke yake.

5. Miji mingine iliyopitia haya

Jirani zetu wa Katanga, Kongo, wana fundisho kubwa, tena kwa Kiswahili. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto. Ilitoa nyumba, posho ya chakula, shule na hospitali. Baada ya kutaifishwa, kampuni ya umma iliyoirithi, Gécamines, iliendelea na mtindo huo, na watu wakasema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu mwaka 2001 ambacho jina lake lawaita wana wa Shaba watoto waliotelekezwa na baba yao. Miaka miwili mitatu baadaye, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mkupuo. Hospitali ya kampuni ilipodhoofika, na kumbukumbu za afya zao zilipoteza thamani. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo vya wakazi wa karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyusha madini. Kobalti waliyoikuta ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa kuwahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida, na watoto walizidi watu wazima. Utafiti wa mwaka 2020 ukaonesha kwamba baba kufanya kazi ya madini kunahusiana na watoto kuzaliwa na kasoro za maumbile. Kampuni ikiwa baba na mama, mtoto hafikirii kumpima mzazi wake.

Italia kuna mji wa Casale Monferrato. Kiwanda cha Eternit kilitengeneza mabati ya asbestosi huko tangu mwaka 1907 hadi 1986, na kazi ya hapo ilionekana ni bahati. Wanawake walifua nguo za kazi za waume zao nyumbani, nyuzi zikaingia kwao. Walioanza kusema ni watu wa ndani: viongozi wa chama cha wafanyakazi Bruno Pesce na Nicola Pondrano, na mama Romana Blasotti Pavesi, aliyezika mume, binti na ndugu wengine watatu kwa saratani ileile, kisha akaongoza chama cha familia za wagonjwa kwa miaka mingi. Mwaka 1987 meya wa mji alipiga marufuku asbestosi katika eneo lake. Nchi nzima ilifuata mwaka 1992. Mji uliokipenda kiwanda ndio uliotangulia kusema basi.

Karibu zaidi, kule Owino Uhuru, Mombasa, Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa ofisini katika kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri chakavu. Mtoto wake aliugua kwa sumu ya risasi. Alikusanya majirani, wakapima watoto wao, wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 waliamuliwa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, wakanyang'anywa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi wao.

Kule Casale Monferrato na Owino Uhuru, maneno ya wataalamu yalizaa matunda pale tu watu wa ndani walipoyabeba.

6. Sheria inatupa nini

Hatuanzi mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inadai mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi, akiwa kazini, na anapoondoka. Sehemu yenye wafanyakazi zaidi ya wanne inatakiwa kuwa na mwakilishi wa usalama na afya. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake, wala si halali kumkata mfanyakazi. Mfuko unagharamia matibabu, unalipa ulemavu wa muda na wa kudumu, na unawalipa wategemezi wa aliyefariki akiwa ameumizwa na kazi. Kabla yake, sheria ya zamani iliweka ukomo wa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu, nauli ya safari chache tu. Tumetoka mbali.

Lakini sheria inataka taarifa, na taarifa ina muda wake, miezi 12. Nani atatoa taarifa ya ugonjwa ambao haujapewa jina? Na wale wa chanja na wa ngazi, wasio na mwajiri, hawamo kabisa katika mfuko huo.

7. Mapendekezo

*La kwanza ni swali la kazi.* Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwaomba matabibu wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Sisi tuliongeze liwe: umefanya kazi gani, wapi, kwa miaka mingapi, na ukivuta nini? Naomba Hospitali ya Maweni, vituo vya afya na zahanati zetu waandike majibu hayo kwenye daftari la kila mtu mzima mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, pamoja na kipimo cha makohozi ambacho tayari kinafanyika.

*La pili ni wastaafu.* Vyama vya wafanyakazi wa reli, bandari na viwanda viwakusanye wazee na kuorodhesha nani alifanya kazi idara gani na anaugua nini. Wazee hawana tena kibarua cha kupoteza, na vijana wanawasikiliza. Ujumbe ukitoka kinywani mwa dereva wa treni aliyestaafu kwa heshima, hautaonekana ni uadui kwa reli.

*La tatu ni lugha ya kampeni.* Tusiseme kazi hii inaua. Tuseme kazi hii ni yetu na tunataka kuifanya mpaka uzeeni. Wasimamizi na wanyapara wafundishwe kwanza, na wavae barakoa wao kwanza, maana kijana anaiga anachokiona.

*La nne ni mama wa chanja na wa ngazi.* Manispaa na halmashauri zisaidie vikundi vyao kujenga matanuri yenye bomba la kutolea moshi, kwa mikopo ya asilimia 10 iliyopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Banda likiwa wazi pande mbili na mtoto akiachwa mbali na moto, tayari tumepunguza sehemu ya shida bila kungoja fedha.

*La tano ni viwanda vijavyo.* Kila mradi mpya wa reli, meli, mawese au saruji uulizwe hadharani kabla ya kuanza: vumbi litadhibitiwaje, nani atapima mapafu na masikio, na kumbukumbu zitatunzwa wapi mkandarasi akishaondoka? Vibarua wa kutwa wahesabiwe, na kwa ukarabati wowote wa majengo na vyombo vikongwe, asbestosi itafutwe kwanza.

*La sita ni cheti cha kuondoka.* Mfanyakazi asikubali kukabidhi kitambulisho cha kazi kabla hajapewa majibu ya vipimo vyake vya mwisho, kwa maandishi, akayahifadhi pamoja na hati za nyumba. Kwa mtu anayerudi kijijini, karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea miaka 20 baadaye.

8. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, sijaja kuwaomba watu wa Kigoma waipende kazi yao kidogo zaidi. Utiifu wao umejenga reli, umeendesha meli na umelisha nchi samaki na chumvi. Ninaomba utiifu huo ufike na kwa mwenzako anayekohoa kwenye zamu moja na wewe, na kwa mama yako anayepika kwa moshi.

Naomba semina hii isifungwe kabla haijachagua kamati ndogo yenye mganga mmoja, kiongozi mmoja wa chama cha wafanyakazi, mstaafu mmoja wa reli au bandari, na mama mmoja kutoka mwaloni. Kazi yao ya kwanza iwe kuandaa fomu ya ukurasa mmoja ya historia ya kazi ya mgonjwa, na kuifikisha kwa mganga mkuu wa mkoa kabla ya tarehe 28 Aprili ijayo, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani. Siku hiyo itukute na majina ya wagonjwa wetu na kazi walizofanya, yameandikwa, yanaweza kuhesabiwa na kudaiwa haki.